Kipimo cha Ishengoma

Watu wa kwetu Izimbya wana tabia moja mbaya, nami naisema waziwazi hata wakininunia: mwanamke akifiwa na mume, kila mtu ghafla anajua anachotaka mwanamke huyo kuliko anavyojua yeye mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa Clotilda mwaka ule wa Operesheni Vijiji, tulipoambiwa tutoke migombani tukajenge kando ya barabara, nyumba kwa mstari, kama watoto wa shule wakati wa gwaride. Wengine walilia. Clotilda hakulia. Alipopewa kiwanja kwa jina lake mwenyewe, si la mume wala la shemeji, alirudi nyumbani akiimba wimbo wa Pasaka, na Pasaka ilikuwa imepita zamani.

Usimshangae. Mume wake, Ishengoma, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kwa kuwa hawakujaliwa mtoto wa kiume, kibanja cha migomba na nyumba vilikwenda kwa mdogo wa marehemu, Karugendo, kama mila ilivyotaka siku zile. Clotilda aliachiwa chumba cha nyuma na mikahawa michache ya kuchuma. Kwa hiyo kiwanja kilikuwa neema. Lakini kilichomwimbisha hasa hakikuwa kiwanja. Alikuwa Alistidia.

Alistidia ni binti yake wa pekee. Miaka mingi nyuma, akiwa msichana mbichi, alikataa mume aliyechaguliwa na baba yake, mzee mmoja wa Muleba mwenye mikahawa mingi na meno machache. Jioni ile ile, mvua ya masika ikinyesha, akafungiwa nje. Aligonga mlango, akagonga, mpaka mikono ikachubuka. Kulipokucha hayupo. Alikwenda Bukoba mjini, akapanga chumba Kashai, akajifunza ushonaji, na akaapa kwamba mlango wa baba yake hataupita tena, baba awe hai awe maiti. Wala hakutania. Siku ya mazishi ya Ishengoma alikuja mpaka migombani, akatazama jeneza likishushwa, akarudi zake na basi la mchana bila kunywa hata maji.

Sasa, mwanamke aliyekuwa akileta habari za Kashai ni Georgina, jirani na shoga wa Clotilda, aliyekuwa akipeleka ndizi sokoni Bukoba. Siku moja alirudi na maneno haya: "Alistidia anasema, 'Mwambie mama, siku atakapokuwa na nyumba yake, na mlango aliouchagua mwenyewe, nitakuja niupite.'"

"Sema tena," Clotilda akamwambia.

Georgina akasema tena.

"Alisema nitakuja, au alisema labda?"

"Ah, shoga! Nikuapie? Alisema nitakuja."

Basi sasa mnajua. Clotilda hakuwa akitaka nyumba. Alikuwa akitaka mlango, na nyumba ilikuwa kitu cha kuushikilia tu.

Karugendo hakulielewa hilo, na angelielewa vipi? Yeye alikuwa akiibomoa nyumba ya marehemu ili ahamishie matofali na mabati barabarani, na kwa moyo mweupe kabisa alimwita shemeji yake akamwonyesha mlango wa mbele, umeegemezwa mgombani. Ulikuwa mlango wa mvule, wa paneli sita, umechongwa na fundi wa Kihindi kule mjini enzi zile kahawa ilipopanda bei na kila Mhaya mwenye nafasi akataka mlango kama wa Mzungu. Mzito. Mweusi kwa uzee na mafuta ya mikono.

"Shemeji, chukua," Karugendo alisema. "Ya nini kuhangaika na mbao mbichi? Huu utadumu mpaka tukuzike."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," Clotilda alisema, akauacha pale pale.

Kijijini wakasema mjane ana kiburi. Kumbe wangejua! Ishengoma hakuwa mpigaji, wala mlevi, na ukiniuliza mimi nitakwambia hiyo ndiyo iliyokuwa shida, maana mlevi utamsema kwa wazee nao watakusikiliza. Ishengoma alikuwa mtu wa kusimama. Alikuwa mrefu kupita kiasi, mapana ya mabega yake ni ya watu wawili, na alikuwa na desturi ya kusimama katikati ya mlango, kimya, anatazama ndani. Nyumba nzima inaingia giza. Mkewe yuko jikoni anachambua maharage, haoni hata vidole vyake, na hathubutu kusema sogea. Anangoja. Mume akimaliza kufikiri alichokuwa akifikiri, anasema neno moja, "Chakula," au "Maji," na neno hilo linatendeka. Miaka ishirini na kitu Clotilda aliishi kwa maneno ya namna hiyo, na mlango ule wa mvule ulikuwa umeyasikia yote. Aingie nao nyumba mpya ili iweje?

Akaenda kwa fundi Projestus.

Karakana ya Projestus ilikuwa kibanda cha nyasi chini ya mkaratusi, na wiki ile ilijaa kazi mpaka pa kukanyaga hapakuwepo. Upande mmoja yalisimama madirisha ya kanisa la wamisionari kule kilimani, yenye matao juu, ambayo mchwa walikuwa wameyala miguu. Upande wa pili kulikuwa na madirisha ya ofisi mpya ya kijiji, ya mraba, yanafanana yote. Projestus alikuwa na mdomo kama randa yake, hautulii.

"Tazama, mama," alisema. "Nyumba ya zamani huiulizi inataka nini. Unatazama ilikuwa na nini, unairudishia kile kile, mbao ile ile, tao lile lile, usijifanye fundi kuliko aliyeijenga. Ukiitia dirisha la mraba itakuchukia. Lakini nyumba mpya haina cha kukwambia. Ni bubu. Mwenyewe ndiye aseme."

"Nimekuja kusema," Clotilda alijibu.

Na akasema! Georgina, aliyemsindikiza, alisimulia baadaye kwamba hajawahi kumsikia Clotilda akizungumza mfululizo namna ile. Projestus alimwonyesha mvule, akakataa. Akamwonyesha mkaratusi, kwa kuwa ni rahisi kupatikana, lakini mwenyewe akawa mkweli, akasema mkaratusi hukauka ukipinda, na mlango utakuja kusugua sakafu. Ndipo akaona mbao za msizi, zimepangwa juu ya vijiti zikauke, rangi yake njano kama ndizi inayoanza kuiva. Akazipapasa. Akauliza kama zinahimili mvua. Projestus akasema zinahimili, mradi zipakwe mafuta na paa liwe na ukingo wa kutosha.

"Hizi," Clotilda alisema. "Mlango wa mbao za kusimama, hakuna paneli. Na madirisha mawili mbele, makubwa, ya kufungukia nje. Nataka mwanga uingie hata kama mlango umezibwa."

"Umezibwa na nini?"

"Wewe fanya tu, fundi."

Halafu akapimwa. Futi ya chuma Projestus alikuwa nayo, imening'inia msumarini, ya kupimia kazi za ofisi na za mapadre. Lakini mlango wa nyumba ya mtu hakuupima kwa futi, wala baba yake hakuupima hivyo, wala babu yake. Walimpima mwenye nyumba. Tete linasimamishwa ubavuni, toka kisiginoni hadi utosini, linakatwa hapo. Kisha wakati wa kuchonga fremu fundi huongeza ngumi mbili. Ndiyo maana nyumba nyingi za Izimbya ukiingia unajua mwenyewe ana kimo gani kabla hujamwona.

"Mwenye nyumba ni nani?" Projestus aliuliza, kwa kutania.

"Ni mimi."

"Utakuwa mlango mfupi huo! Wanaume watajigonga vichwa."

"Wajigonge," Clotilda alisema, na wote watatu wakacheka mpaka Georgina akashika mbavu. Projestus akakata tete, Clotilda akachana uzi wa pindo la kanga yake akalifungia, ili lisichanganyike, na tete likachomekwa kwenye nyasi za dari, pamoja na mengine. Yalikuwa mengi humo. Ya milango, ya vitanda, na hata ya majeneza, kwa maana Projestus ndiye aliyekuwa akiwachongea wafu wetu wote. Ya majeneza hayakutakiwa kuwemo. Tete lililompima maiti huvunjwavunjwa likawekwa miguuni pake, azikwe nalo, lisije likapima kitu kingine duniani. Hilo hata mtoto wa kwetu anajua.

Nyumba ilijengwa na watu wa nyumba kumi, kwa kusaidiana, kuta za miti na udongo, bati juu. Siku ya kusimamisha fremu Clotilda alikuwa shamba la kijiji na wanawake wenzake. Aliporudi jioni akakuta fremu imeshasimama, kuta zimeshakandikwa udongo, na mlango unachezacheza kwenye bawaba zake, njano, mzuri, unanukia mbao. Akakaa chini barabarani akautazama.

"Mbona mrefu?" aliuliza.

"Mrefu ndiyo heshima," mmoja wa wajenzi akajibu, na wengine wakaitikia.

Moyo wake ulisita kidogo, sitawaficha. Lakini furaha ni kipofu kama mapenzi. Akasema labda udongo ukikauka utaonekana mfupi. Kesho yake akamtuma Georgina: mwambie Alistidia mlango uko tayari.

Wa kwanza kuupita, mbali na yeye mwenyewe, alikuwa Karugendo, aliyekuja na debe la lubisi, pombe yetu ya ndizi, kumpongeza shemeji. Karugendo na marehemu kaka yake walikuwa kimo kimoja, wakipimana migongo tangu utoto bila kushindana. Basi akaja, akafika mlangoni, akainamisha shingo kama alivyozoea kila nyumba ya kijiji. Akasita. Akainuka. Akaingia kichwa juu, na hapo juu ya nywele zake zikabaki ngumi mbili, wala hazikuzidi.

"Loo!" alisema, amefurahi. "Leo kwa mara ya kwanza mtu wa ukoo wetu anaingia ndani bila kuinama."

Clotilda alikuwa ameshika kibuyu. Hakujua amekiacha saa ngapi, alisikia tu lubisi ikimlowesha miguu.

Tangu siku ile mambo yakaanza. Kuku, ambao nyumba nyingine unawafukuza kwa fimbo wasiingie, walikuwa wakifika kizingitini wanasimama, wanapinda shingo, wanazunguka nyumba. Mlango aliouacha umefungwa alipokwenda kisimani aliukuta wazi, si wazi kabisa, bali wazi kiasi cha mabega ya mtu mpana. Alijiambia ni upepo wa ziwani. Upepo wa ziwani! Kutoka ziwani hadi Izimbya ni mwendo, na siku hizo hata jani la mgomba halikuwa likitikisika.

Kisha ikaja adhuhuri moja ya jua kali. Clotilda amekaa mkekani anachambua maharage, madirisha yake mawili yamefunguliwa, mwanga umejaa tele, ametulia. Mara mwanga wa sakafuni, ule uliotoka mlangoni, ukaondoka. Haukufifia kama wingu linapopita. Uliondoka, kama mtu amesimama. Clotilda hakuinua uso. Aliinamia maharage, na vidole vyake vikaendelea kuchambua bila kuona, kama vilivyozoea, na yeye mwenyewe akajishangaa jinsi vilivyokumbuka. Alingoja. Baada ya muda mwanga ukarudi. Akainua uso: barabara nyeupe, mbuzi wa jirani, hakuna mtu.

Lakini kilichomtisha kuliko kivuli ni yeye mwenyewe. Jioni alijikuta amepakua sahani mbili. Alfajiri alijikuta ameinjika maji ya kuoga, na yeye haogi alfajiri. Siku nyingine alijikuta amekisogeza kigoda karibu na ukuta, pale ambapo mtu mwenye miguu mirefu angependa kuinyoosha. Hakuna aliyemwamuru. Hakusikia sauti. Ni mwili tu uliotii, kabla yeye hajakataa. Na akili yake ikamwambia: Alistidia akija akayaona haya, atageuka hapo hapo, na safari hii hatarudi. Aliogopa hilo kuliko mzimu wowote.

Georgina alirudi kutoka mjini na jibu. "Anakuja kesho na basi la mchana."

Clotilda alijifunga kanga akaenda mbio kwa Projestus.

"Fundi, nionyeshe tete langu."

"Ya nini tena, mama? Kazi imekwisha."

"Nionyeshe."

Projestus akapanda juu ya benchi lake, akanung'unika, akaingiza mkono kwenye nyasi. Akalitoa tete fupi, lenye uzi wa pindo la kanga, na ncha yake haikuwa na alama ya penseli. Fundi huweka alama akishalitumia. Lile lilikuwa halijatumika. Akaligeuza, akalitazama, akalitazama tena. Akaenda pembeni kwenye masalia ya mbao za msizi, akafukua takataka za randa, akainuka na tete jingine, refu, limeanza kugeuka kijivu, nalo lilikuwa na alama.

"Hili la nani?" Clotilda aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

Mdomo wa Projestus, ule usiotulia, ulitulia. Akalisimamisha tete wima, likampita kichwa kwa mbali, na katika Izimbya nzima tulikuwa na watu wawili tu wa kimo hicho, na mmoja alikuwa hai na nyumba yake ilikuwa haijachongewa mlango.

"Siku ile mvua ya mawe ilitukatiza," alisema taratibu. "Unakumbuka, mama, tulibeba jeneza tukikimbia. Nilisema nitaliweka miguuni tukifika kaburini. Nikasahau. Nikalichomeka, nikasema nitalivunja kesho." Akalivunja sasa, kak, kak, akatupa vipande motoni chini ya sufuria ya gundi. "Mungu wangu. Nimempimia marehemu mlango."

"Umempimia, umechonga, na umempa bawaba," Clotilda alisema. Hakupaza sauti. Angalipaza ingalikuwa nafuu.

"Nitautoa. Nitaufupisha, nitaweka ubao juu. Jumamosi."

"Mwanangu anakuja kesho."

"Kesho niko kwa mapadre, mama, nimeitwa, yale madirisha..." Akaona uso wake, akaacha habari za mapadre. Akamwambia achukue maji ya baraka anyunyize. Clotilda alikuwa amekwisha kuondoka.

Alinyunyiza. Alifunga mkeka juu ya mlango ili uonekane mfupi, akauona kama mtu mzima aliyevaa kofia ya mtoto, akauondoa mkeka. Alifagia. Akapika ndizi na samaki alioletewa na Georgina, na akapakua, na sahani zilikuwa tatu, akaitupa ya tatu nje kwa hasira ikavunjika kwenye jiwe.

Basi lilifika mvua ya rasharasha ikianza. Alistidia alishuka, mwanamke mzima sasa, ana gauni aliloshona mwenyewe na kikapu mkononi. Alipanda kwenye uwanja mpya wa mama yake, akatazama madirisha makubwa, akatabasamu kidogo. Halafu akafika mbele ya mlango, akasimama. Akautazama kutoka chini hadi juu. Tabasamu likaondoka.

"Karibu, mwanangu," Clotilda alisema kutoka ndani. "Karibu, unalowa."

Alistidia hakusogea.

Hapo Clotilda angeweza kudanganya. Angesema ni mlango mrefu tu, mafundi wa siku hizi wanapenda makuu. Lakini uongo ulimshinda, akasema yote, pale pale, mmoja ndani na mmoja nje: tete, mvua ya mawe, fundi, kuku, kivuli, sahani. "Baba yako yumo," alisema. "Nilikataa mlango wake wa mvule, na amekuja kwa kipimo chake. Lakini ni mpaka Jumamosi tu, fundi atakuja aukate. Pita, mwanangu. Mimi ndiye niliyeuchagua, sio yeye. Mbao ni zangu. Usimwogope."

Alistidia alicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha.

"Mama, nani amekwambia mimi namwogopa tata?"

"Uliapa. Ulisema mlango wake..."

"Nilisema mlango wake kwa sababu sikutaka kusema wako mbele ya watu." Mvua ilikuwa ikimtiririka usoni, wala hakuifuta. "Tata usiku ule alisema neno moja tu, mama. Nilikuwa nje, nimeweka sikio kwenye ubao. Alisema, 'Funga.' Yeye hakuinuka. Aliyeinuka ni nani?"

Clotilda aliegemea mwimo wa mlango.

"Nilisikia miguu. Miguu yako naijua, unaburuta wa kushoto. Nikasema moyoni, mawe, mama yangu, anakuja kunifungulia. Nikasikia komeo likiingia. Halafu nikakaa hapo, nikasema, anamngoja alale, akilala atakuja. Nikasema hivyo mpaka jogoo wa kwanza. Mpaka wa pili. Ndipo nikaondoka."

"Niliogopa, Alistidia."

"Najua. Hata mimi niliogopa. Tena mimi nilikuwa nje."

Mimi ninayesimulia ningependa kuwaambia kwamba Clotilda alipiga magoti, au alilia, au alipata neno la kusema. Hakupata. Miaka yote ile alikuwa amejipa hadithi yenye mtu mmoja mwenye kosa, na mtu huyo alikuwa mrefu, na anaonekana kwa mbali. Alisimama tu, na nyuma yake, ndani ya nyumba yake, mwanga wa madirisha yote mawili ukaondoka.

Alimhisi mgongoni. Ishengoma alikuwa amesimama nyuma yake, karibu, kama alivyozoea kusimama. Sauti hakuisikia, na haikuhitajika. Neno lilimjia kutoka katika mwili wake mwenyewe, mahali ambapo maneno ya Ishengoma yalikuwa yakikaa: Funga.

Akaona mkono wake wa kulia. Ulikuwa umekwisha kuushika mlango, unausukuma. Kati ya ubao na mwimo mwanawe akawa mwembamba, nusu, robo, uso uliolowa ukitazama tu, haushangai. Hilo ndilo lililomchoma Clotilda kuliko maneno yote. Binti hakushangaa. Na mkono wa kushoto, Yesu na Maria, mkono wa kushoto ulikuwa tayari kwenye komeo.

Alipiga ukelele. Watu wa nyumba ya tano waliusikia. Akaupenyeza mwili wake kwenye ule mwanya uliobaki, bega, kisha kichwa, msumari ukamchana kanga, akatoka, akaanguka kwa magoti kwenye tope miguuni pa Alistidia. Mlango ukajifunga nyuma yake bila kubamizwa, polepole, kama unavyofungwa na mtu asiye na haraka.

Kisha wakasikia wote wawili komeo likiingia, kutoka ndani.

Mvua ilikuwa imezidi. Kikapu cha Alistidia kilikuwa kimeanguka, na unga aliomletea mama yake ulikuwa ukigeuka uji barabarani. Nyumba ilikuwa ya Clotilda, kwa jina lake. Chakula kilikuwa ndani, nguo zilikuwa ndani, viatu vyake vilikuwa ndani, na yeye alikuwa nje, analowa, hana pa kugonga. Akainua uso akamtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kumwomba.

Alistidia alimwinamia.

"Karibu nje, mawe," alisema.

Akauchukua ule mkono wa kushoto, akaufuta tope kwa gauni lake, wakashuka pamoja barabarani kungoja basi la kurudi Bukoba.